Ndui au sufuria ya uji? Nini hasa kiliwamaliza watu wa jangwa la Baja California

Bibi Ramani — #1

Salaam wanajukwaa.

Tazameni ramani ya Mexico, upande wa magharibi. Kuna rasi ndefu inaning'inia kama mkia, zaidi ya kilomita 1,200, Pasifiki huku na Ghuba ya California kule. Ndiyo Baja California, na sehemu kubwa yake ni jangwa. Wahispania walikuta humo watu wasiolima wala kufuga. Kusini kabisa na kwenye visiwa vya ghuba walikaa Wapericú. Kuanzia La Paz kwenda juu hadi tambarare za Magdalena ni Waguaycura. Pale Loreto, eneo dogo, Wamonqui. Halafu Wacochimí wakashika katikati yote.

Makadirio ya idadi yao kabla ya misheni yanakwenda kati ya watu 40,000 na 60,000. Padre Juan María de Salvatierra alianzisha misheni ya kwanza ya kudumu Loreto tarehe 25 Oktoba 1697. Wajesuiti, shirika la mapadri Wakatoliki alilotoka Salvatierra, walipoondolewa mwanzoni mwa 1768, waliobaki kwenye hesabu za misheni walikuwa kama 7,000. Miaka 71 tu, bibi aliyezaliwa mwaka ule Salvatierra anashuka chomboni angeweza kuyaona yote.

Kila nikiuliza sababu najibiwa "ndui", mjadala unafungwa. Mimi nasema ndui ilikuta mlango umeshafunguliwa, na aliyeufungua ni sufuria ya uji wa misheni. Naomba hoja.

Kijiwe cha Historia — #2

Dada, hoja yako nzuri lakini usiipunguze ndui. Ilipiga Loreto 1709 na 1710, misheni ikiwa bado changa. Kusini magonjwa yakaja mfululizo kati ya 1742 na 1748, Wapericú wakabaki wachache mno. Mwaka 1781 na 1782 ndui ikapita tena, safari hii kwenye misheni za katikati na kaskazini. Hapo bado surua, homa ya chawa na kaswende. Hawa watu hawakuwa na kinga hata chembe. Uji unaingiaje?

Msomaji Mpole — #3

Kabla ya kubishana juu ya kufa, mtueleze walivyoishi. Jangwa halina mto, hawana shamba, hawana mbuzi. Walikula nini?

Nyuzi za Katani — #4

Msomaji Mpole, chakula cha msingi kwa miezi mingi kilikuwa mkonge. Ndiyo, mkonge, jamii ya huuhuu tunaoujua kwa katani, ila aina za kwao za porini. Kazi ilikuwa ya wanawake na ina ufundi wake.

Kwanza unachagua mmea. Mkonge huishi miaka mingi bila kuchanua, halafu unatoa mlingoti mmoja mrefu wa maua na kufa. Katika miaka yote hiyo unaweka akiba ya sukari ndani ya kitovu chake. Mama anautafuta ule ambao katikati umeanza kuvimba, mlingoti unataka kuchomoza lakini haujachomoza. Ukiuwahi, kitovu kimejaa. Ukichelewa hadi mlingoti umerefuka, akiba imepanda juu na unachochimba ni makapi.

Pili, unakata majani kwa patasi ya mti mgumu, unaigonga kwa jiwe. Utomvu mbichi unawasha ngozi vibaya, kwa hiyo hushiki ovyo. Kinachobaki ni kitu kama kabichi kubwa.

Tatu, shimo. Moto unawashwa, mawe yanawekwa humo hadi yawe mekundu, vitovu vinapangwa, vinafunikwa kwa mawe ya moto na udongo. Vinakaa usiku na mchana, mara nyingi zaidi ya siku nzima. Haraka haina nafasi hapa, maana joto la muda mrefu ndilo linaloigeuza ile akiba kuwa sukari tamu na kuua kile kiwasho. Ukifukua mapema, kinakuchoma mdomo na koo. Kikiiva kinakuwa cha kahawia, kinanata, unatafuna, unafyonza utamu na kutema nyuzi.

Marundo ya mawe yaliyopasuka kwa moto bado yanaonekana jangwani kule mpaka leo.

Mwana wa Tanga — #5

Yaani mkonge ni chakula na sisi tumesokota kamba miaka yote hii? Nyuzi za Katani, jina lako limekutangulia!

Nyuzi za Katani — #6

Mwana wa Tanga, usiende kufukua shamba la mtu. Wetu ni aina nyingine. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kupitia Florida mwaka 1893, mizizi yake ni Mexico upande wa Yucatán, si Baja. Katika vichipukizi 1,000 vilivyosafirishwa 62 tu ndivyo vilivyofika vikiwa hai, na kilimo kizima cha mkonge Tanganyika kikaanzia hapo. Ulichaguliwa kwa nyuzi.

Ila Wacochimí nao nyuzi walizitumia sana. Nyavu za kubebea mizigo, nyavu za samaki na kamba zote zilitoka kwenye majani hayohayo.

Kasa Mkavu — #7

Niongeze matunda. Katika mwaka wa Wacochimí, uliogawanywa misimu sita, msimu mkubwa uliitwa Mejibó, kuanzia sehemu ya Juni, Julai yote, hadi sehemu ya Agosti. Ni msimu wa pitahaya, tunda la dungusi refu lenye miiba, ndani jekundu, tamu, lina mbegu ndogo nyeusi kama za ufuta. Watu walikusanyika kambi nyingi pamoja, wakila, wakicheza ngoma na kuoana. Padre Johann Jakob Baegert, aliyekaa misheni ya San Luis Gonzaga miaka 17, aliandika kwamba baadhi ya watu walirudi kwake baada ya wiki chache za pitahaya wamenenepa hadi akashindwa kuwatambua mara moja.

Sasa hapa ndipo penye maarifa. Mbegu za pitahaya hazisagiki tumboni, zinatoka nzima. Kwa hiyo wakati wa msimu walijisaidia mahali pamoja palipo safi, kwenye mwamba bapa. Jua la kule linakausha kila kitu kwa muda mfupi. Baadaye wakakusanya, wakafikicha, wakapeta, mbegu zikabaki peke yake. Zikakaangwa, zikasagwa kwenye jiwe, unga ukaliwa wakati wa uhaba. Wahispania waliita "mavuno ya pili" na wakacheka sana.

Mwana wa Tanga — #8

Hapana mkuu. Hapa mmeniacha stendi.

Kasa Mkavu — #9

Mwana wa Tanga, tulia ufikirie. Mbegu ndiyo yenye mafuta na protini, nyama ya tunda ni maji na sukari. Mwenzako anakula vyote viwili na hapotezi kitu. Na zinapita motoni kabla ya kuliwa.

Huo ukaangaji nao si mchezo. Hawakuwa na vyungu sehemu ya kusini na katikati ya rasi. Mbegu ziliwekwa kwenye ungo au kwenye gamba la kasa pamoja na makaa ya moto, kisha unarusha na kuzungusha bila kusimama. Mkono ukisimama, makaa yanatoboa ungo na mbegu zinaungua upande mmoja. Ukirusha vizuri, mbegu zinatulia huku na makaa yanachambuliwa kule.

Tundu la Sindano — #10

Kuna na ile ya nyama ya kamba, Wajesuiti wameiandika kwa Wacochimí wa kaskazini. Kipande cha nyama kinafungwa kamba imara. Watu wanakaa duara, wa kwanza anatafuna kidogo, anameza, kamba inaning'inia mdomoni. Baada ya dakika mbili tatu anavuta, kinatoka, anapokezwa wa pili. Mpaka kiishe.

Mapadri waliona ni ulafi. Wengine leo wanasema ni namna ya kugawana utamu wa kitu kidogo kwa watu wengi. Wengine wanasema ulikuwa mchezo tu wa kuonyeshana. Mimi nasimama na la pili, la kugawana, kwa sababu inakwenda na tabia yao nyingine zote: kulungu akiuawa anagawanywa kambi nzima.

Bibi Ramani — #11

Tundu la Sindano, tumekuelewa.

Ninachotaka mkione ni kwamba huu si ubahatishaji. Baegert mwenyewe, aliyewadharau, anasema walibadilisha mahali pa kulala zaidi ya mara 100 kwa mwaka. Maji yalibebwa kwenye kibofu cha mnyama. Unakwenda kisimani, unakula kilichoiva karibu na kisima, unaondoka kabla hakijaisha. Mtu wa namna hiyo ukimsimamisha mahali pamoja, umemvunja mguu.

Mzee Kobe — #12

Vijana, hamjambo. Naingilia kwa sababu ya jina la Baegert, limetajwa mara mbili bila tahadhari.

Huyu alikuwa mtu wa Alsace. Alifika San Luis Gonzaga 1751, akaondoka 1768 kwa kufukuzwa pamoja na wenzake, akachapisha kitabu chake Mannheim miaka michache baadaye. Aliandika akiwa na uchungu wa kufukuzwa, akijibu pia watu waliodai Wajesuiti walitajirika California. Kwa hiyo alikuwa na sababu ya kuionyesha nchi kuwa mbovu na watu wake kuwa wapumbavu. Anapoeleza kitu alichokiona kwa macho, mwamini. Upinde, kwa mfano: zaidi ya futi sita, wa mzizi wa mwerebi wa porini, kamba ya utumbo wa mnyama. Mshale ni tete lililonyooshwa motoni, mbele linachomekwa kipande cha mti mgumu chenye jiwe la pembe tatu lililogandishwa kwa utomvu. Lakini akianza kusema hawana hili wala lile vichwani mwao, simama.

Padre Miguel del Barco, aliyekaa San Javier karibu miaka 30 na kujenga lile kanisa la mawe, ni shahidi mtulivu zaidi, hasa kwa mimea na kwa Wacochimí.

Kijiwe cha Historia — #13

Shikamoo Mzee Kobe. Na lugha je? Baegert alisema Waguaycura hawana maneno ya mambo yasiyoonekana.

Mzee Kobe — #14

Marahaba. Alisema hivyo, na kwa mkono uleule akatuachia ushahidi wa kinyume. Kiguaycura tunakijua karibu chote kupitia kwake: Baba Yetu, Nasadiki, na mnyambuliko wa kitenzi kimoja, *amukiri*, kucheza.

Itazame Baba Yetu. Palipo na "mbinguni" kuna neno *tekerekádatembà*. Ndani yake kuna *datembà*, ardhi, na mbele yake neno la kitu kilichopinda kama upinde. Mbingu ni ardhi iliyopinda. Mtu amesimama tambarare za Magdalena, hakuna mlima, anatazama juu, anaona nchi imemfunika kama kuba. Baegert alilihesabu kuwa umaskini wa lugha.

Kiguaycura hakijaunganishwa kwa uhakika na lugha nyingine yoyote duniani. Kicochimí ni ndugu wa lugha za Kiyuma za kaskazini. Kipericú kimetuachia maneno machache tu na majina ya mahali.

Msomaji Mpole — #15

Asante mzee. Turudi kwenye uji. Bibi Ramani, eleza sufuria ilivyoua.

Bibi Ramani — #16

Naam. Fuateni hatua kwa hatua.

Misheni inahitaji maji ya kumwagilia. Kwenye rasi yote maji ya namna hiyo ni machache: San Javier, Comondú, Mulegé, San Ignacio na mabonde mengine ya kuhesabu. Hata hapo ardhi ya kulima ni kipande kidogo kati ya majabali. Ngano na mahindi yanayotoka humo hayawezi kulisha wote waliobatizwa, na shehena kutoka Sinaloa na Sonora, ng'ambo ya ghuba, inategemea meli isizame.

Padre anafanya nini? Anapanga zamu. Kambi moja inaitwa, inakaa misheni siku kadhaa au wiki, inapata uji asubuhi, mahindi ya kuchemsha mchana, yale wanayoita pozole, uji tena jioni. Inasali, inafanya kazi, kisha inaruhusiwa kurudi jangwani na nyingine inaitwa. Watoto na wagonjwa wanabaki.

Angalieni kinachoharibika. Kwanza, kambi ambazo zamani zilikutana msimu wa pitahaya tu sasa zinapishana mahali pamoja mwaka mzima, kila moja ikirudi kwake na ilichookota. Ndui haikuhitaji miguu yake. Pili, zamu ya misheni haifuati zamu ya mimea. Ukiitwa wakati mkonge unavimba, ukirudi mlingoti umepanda. Tatu, mtoto anayebaki misheni hajifunzi kisima kiko wapi wala mkonge unachaguliwaje. Baada ya miaka 20 una mtu mzima ambaye bila ile sufuria hawezi kuishi.

Kijiwe cha Historia — #17

Hapo umenisogeza kidogo, sikatai. Lakini vitabu vya ubatizo na mazishi vya misheni vinaonyesha vifo kuzidi vizazi hata miaka isiyo na mlipuko mkubwa. Watoto wachanga walikufa sana, wanawake walikufa kuliko wanaume, na misheni ikaishia na wanaume wengi wasio na wake. Hiyo haielezwi na zamu. Hiyo ni kaswende, iliyoletwa na askari, mabaharia na wachimbaji, na iliyofanya mimba zisikae.

Binti wa Visiwani — #18

Habari zenu. Wanaume mnazungumza wanawake wanavyokufa, tuzungumze basi walivyoishi.

Uasi wa Wapericú wa 1734 ulianzia kwenye ndoa. Mwanaume mwenye heshima alikuwa na wake kadhaa, na hao wake ndio waliokusanya chakula cha nyumba. Mapadri wakaamuru abaki na mmoja. Mmoja wa viongozi, Botón, alichapwa hadharani kwa sababu ya jambo hilo. Tarehe 1 Oktoba 1734 Padre Lorenzo Carranco akauawa Santiago. Siku 2 baadaye Padre Nicolás Tamaral akauawa San José del Cabo. Sigismundo Taraval wa Todos Santos akawahi kukimbia.

Sasa jiulizeni wale wake walioachwa walikwenda wapi. Anayewatafutia nyama hayupo, misheni inawapa uji wa zamu. Na wasichana kwenye misheni kubwa walilazwa chumba kimoja usiku. Ugonjwa ukiingia humo, hutoki.

Tundu la Sindano — #19

Naongeza kwa Binti wa Visiwani: mwaka uliofuata meli kubwa ya Manila, ya biashara ya Wahispania kutoka Ufilipino, iliyotia nanga pale San José del Cabo kuchukua maji na matunda kwa wagonjwa wa kiseyeye, ilishusha watu bila kujua kuna uasi. Wakauawa 13. Hapo ndipo serikali ya Mexico ilipoamka, maana padri akifa ni huzuni ila meli ya Manila ni hazina ya mfalme. Askari wakaja kutoka Sinaloa, na wapiganaji wa Kiyaqui pamoja nao. Vita vikazimwa 1737, ngome ikajengwa kusini, na ngome ina maana ya askari, na askari ndio hao wa kaswende aliyoitaja Kijiwe.

Mwana wa Tanga — #20

Swali la mtu wa kawaida. Wahispania walifika lini hasa? Mnasema 1697, lakini Cortés, yule Mhispania aliyeiteka Mexico, alikufa zamani sana kabla ya hapo.

Kasa Mkavu — #21

Swali zuri. Walifika mapema na wakashindwa karibu miaka 160.

Mabaharia walioasi chini ya Fortún Jiménez walitia nanga La Paz mwaka 1533 au mwanzo wa 1534, wakagusa wanawake na lulu, Jiménez na watu kama 20 wakauawa. Cortés mwenyewe akaja Mei 1535 kuanzisha koloni mahali hapohapo. Halikumaliza hata miaka 2, njaa. Francisco de Ulloa akazunguka ghuba 1539 na kuthibitisha kuwa ni rasi, ingawa wachora ramani walikuja kuifanya kisiwa tena baadaye. Vizcaíno akaja 1596 na kulipa La Paz jina lake, naye akaondoka. Mwaka 1683 Admirali Atondo na Padre Kino wakajaribu La Paz. Atondo akawashuku Waguaycura kwa kijana wake mpiga ngoma aliyepotea, akawaita waje kula, akawapiga kwa mzinga wakiwa wamekaa kwenye chakula. Karibu 10 wakafa. Ilibidi ahame, akaenda San Bruno, ukame na kiseyeye vikamtoa 1685.

Wote hao walishindwa na kitu kimoja: walikuja na mdomo, hawakujua kula kule. Waguaycura walikuwa wanashiba pale ambapo askari wa Cortés anakufa njaa.

Nyuzi za Katani — #22

Na lulu ndiyo iliyokuwa ikiwavuta. Wenyeji walichoma chaza kwenye makaa wapate nyama, lulu ikapata moto na kupoteza mng'ao. Wahispania waliumia roho. Wapericú walizamia na kuvua kwa vyelezo vya magogo machache ya mti mwepesi, la katikati refu kuliko mengine, na kasia lenye bapa pande zote mbili. Kwa vyombo hivyo walifika visiwa vya Espíritu Santo na Cerralvo.

Mzee Kobe — #23

Tumeruka mtu mmoja: José de Gálvez. Alikuwa mkaguzi wa mfalme, akafika kwenye rasi 1768 baada ya Wajesuiti kuondolewa, akakuta baadhi ya misheni zina ardhi na hazina watu, nyingine zina watu na hazina ardhi. Akiwa na karatasi mezani akaona hesabu rahisi. Waguaycura wa Dolores na San Luis Gonzaga, mamia ya watu, wakahamishwa kwenda Todos Santos kulima. Wale wa Todos Santos wakapelekwa Santiago.

Waguaycura hawakuwahi kushika jembe. Baegert hakuwa na shamba la maana, kwa hiyo watu wake walikuwa bado wanajua jangwa. Huko Todos Santos walitoroka, wakachapwa, wakarudishwa, wakafa kwa magonjwa. Katika miongo michache wakabaki makumi. Bibi Ramani, hao hawakuuawa na sufuria yako. Miaka 30 na zaidi ya misheni iliwaacha wakiwa na jangwa lao, amri moja ya ofisini ikawatoa.

Bibi Ramani — #24

Mzee, nakubali kwa San Luis Gonzaga. Sikubali kwa Loreto na San Javier, ambako watu walikuwa wameshapungua sana kabla Gálvez hajafika.

Binti wa Visiwani — #25

Na wenyewe walielezaje? Waganga wao, walioitwa *guama*, walitibu kwa kunyonya mwili wa mgonjwa kwa bomba la jiwe na kupuliza moshi wa tumbaku. Walivaa joho la nywele za binadamu. Walisema maji ya ubatizo ndiyo yanayoua. Msicheke: padri alikimbilia kumbatiza mtoto anayekufa, kwa hiyo kambi iliona mara nyingi maji yanamwagwa, mtoto anazikwa. Mapadri nao wakadai majoho yatolewe na kuchomwa kama sharti la kupokelewa. Mgonjwa akabaki hana mganga wala dawa ya padri.

Msomaji Mpole — #26

Nje ya mada kidogo: ile michoro ya mapangoni ya Sierra de San Francisco, milima ya katikati ya rasi, ni yao?

Kijiwe cha Historia — #27

Hapo pana ugomvi wake. Ni watu na wanyama wakubwa kuliko maumbile, wengi nusu wekundu nusu weusi, wengine juu sana ukutani pasipofikika bila jukwaa. UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia 1993. Wacochimí waliwaambia Wajesuiti kuwa ilichorwa na majitu yaliyotoka kaskazini. Wapo wanaochukua hilo kuwa ushahidi kwamba Wacochimí walikuwa wageni. Wengine wanasema ni namna ya kuwataja mababu. Vipimo vya kaboni vimetoa umri unaopishana kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo huenda walichora watu wengi wa nyakati tofauti.

Tundu la Sindano — #28

Kama kwa mafuvu ya Wapericú. Ni marefu na membamba, watafiti wakasema hao ni mabaki ya wahamiaji wa kale tofauti na Wahindi wengine wa Amerika. Vipimo vya vinasaba vilipofanywa kwenye mifupa yao, vikaonyesha ni ndugu wa Wahindi wa Amerika kama wengine. Fuvu lilidanganya.

Mwana wa Tanga — #29

Kwa hiyo wote wameisha? Nimesoma mahali kwamba Wacochimí wapo hadi leo, kijiji cha La Huerta.

Mzee Kobe — #30

Ni mkanganyiko wa jina, mwanangu. Watu wa La Huerta wapo kweli, na kwenye kumbukumbu nyingi za Mexico wameandikwa Wacochimí, lakini lugha yao ni Kikumiai. Wacochimí wa San Ignacio na San Borja, lugha yao imenyamaza.

Waliobaki ni wa kaskazini: Wakumiai, Wapaipai wa Santa Catarina, Wakiliwa na Wacucapá wa mdomo wa mto Colorado. Huko Wadominiko, shirika jingine la mapadri, ndio walioanzisha misheni, na walichelewa. Ile ya Santa Catalina, ndiyo Santa Catarina ya leo, ilianza 1797, wenyeji wakaichoma 1840.

Kijiwe cha Historia — #31

Kwa kusini niongeze: kuisha kwa lugha si kuisha kwa damu. Familia za wafugaji milimani kule zina mabibi wa Kicochimí na Kiguaycura, walioolewa na askari na vibarua wa misheni. Ndiyo maana sipendi neno "kutoweka".

Bibi Ramani — #32

Kijiwe, hapo umeniongezea swali badala ya kulijibu. Kama wanawake waliolewa nje ya misheni, basi sehemu ya lile pengo la wanawake tunaloliona kwenye vitabu si makaburi. Tutengeje waliozikwa na waliohama jina?

Kijiwe cha Historia — #33

Vitabu vya ndoa vya Loreto na San José del Cabo. Ukimwona bibi arusi ameandikwa wa misheni na bwana arusi ni askari, fuata ubatizo wa watoto wao uone kabila lao limeandikwaje. Mara nyingi kizazi cha pili neno "mhindi", yaani mwenyeji wa Amerika, linakuwa limeshafutika.

Nyuzi za Katani — #34

Na wale wafugaji wa milimani bado wanachimba mkonge na kuuchoma kwenye shimo la mawe. Muda uleule, usiku na mchana.